Mkono Safi Hauungui

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba mkono safi hauungui. Sikuwa peke yangu. Kijiji chetu kizima, kule kwenye miteremko ya juu ya Mumbuni, kiliamini hivyo, wakiwemo akina mama waliosimama kanisani kila Jumapili wakashuhudia kwamba wameokoka na mambo ya kale wameyatupa. Walikuwa wameyatupa mengi, sikatai. Lakini hili moja walilibakiza, wakaliweka karibu na jiko, na siku kitu kikipotea walijua pa kulipata.

Sisimulii haya ili tuwacheke wazee. Kuwacheka wazee ni kazi rahisi na mimi siipendi. Nasimulia kwa sababu niliyaona kwa macho yangu, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa darasa la tano, na hasira niliyoipata siku hiyo ninayo mpaka leo. Watu huniambia, Mwende, hasira itakuzeesha. Na inizeeshe basi. Kuna mambo ambayo mtu akiyasahau upesi amejidhulumu mwenyewe.

Imani yenyewe ilikuwa hivi. Kitu cha wanawake kikiibwa na mwizi asijulikane, waliitana kwa kiapo cha mwiko. Sufuria kubwa ya uji ilibandikwa kwenye mafiga, moto ukachochewa, na kila mwanamke akaja na mwiko wake wa kupikia. Miko yote ilitumbukizwa kwenye uji unaotokota, wakaimba wimbo mmoja wa kanisani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wimbo ukiisha, kila mmoja aliushika mwiko wake kwa mkono mtupu, bila leso wala kitambaa, akakoroga uji kuizunguka sufuria yote huku akisema, "Kama ni mimi, moto uniseme." Asiyeungua hakuiba. Anayeungua, moto umemsema. Sijawahi kusikia kiapo hiki mahali pengine, na nimeuliza sana. Huenda kilikuwa chetu tu.

Kulikuwa na sharti moja, na hilo ndilo lililotaka kutumaliza. Mwiko lazima uwe wako. Kwetu mwanamke hakujinunulia mwiko wa kwanza. Alipewa na mama mkwe wake siku alipoingizwa jikoni akiwa mke, na mwiko huo ulihesabika kama jina lake. Kuapa kwa mwiko wa mtu mwingine ilikuwa ni kumrushia yule mwenye mwiko kiapo chako, na kwa hiyo hakuna aliyeazima na hakuna aliyeazimwa.

Sasa sikia. Mama yangu hakuwa na mume. Alikwenda Nairobi akiwa msichana kufanya kazi ya nyumba, akarudi na mimi tumboni. Mwajiri wake alipogundua ana mimba alimfukuza siku hiyo hiyo, na labda roho ilimsuta kidogo, maana alimpa upawa mpya wa kupakulia, wa chuma kitupu, kuanzia kikombe chake hadi ncha ya mpini, unaong'aa mpaka unajiona uso. Huo ndio uliokuwa mkono wa kwaheri. Mama angeweza kuutupa kwenye mto, mimi ningeutupa, lakini aliuleta nyumbani akautundika ukutani, akawa anaupenda. Hakuna mtu mwingine kijijini aliyekuwa na chombo kama kile. Ugali aliusonga kwa mwiko wa mama yake, maana tuliishi kwake, na mwiko wake mwenyewe hakuwa nao. Nani angempa? Chombo cha jikoni alichoweza kukiita chake kilikuwa upawa ule tu.

Mama yake ndiye Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Susu alikuwa mkunga. Kabla watu hawajazoea kushuka hadi hospitali ya mjini, yeye ndiye aliyepokea watoto wa miteremko ile yote, na hata walipozoea, mvua ikinyesha na barabara ikakatika, waliomwendea ni yeye. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa maneno machache. Alimpokea mama yangu na tumbo lake bila kuuliza swali, na aliyetaka kuuliza alifukuzwa uani. Lakini mambo ya kiapo aliyaamini kama alivyoamini kwamba kuna Mungu.

Shuleni, muhula huo, Mwalimu Musyoka alikuwa anatufundisha sayansi. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lakini akiona macho yetu yamelala alikifunga kitabu na kutuelezea kwa lugha tunayoielewa. Siku moja alileta betri za tochi, balbu ndogo na nyaya mbili, akaacha nafasi katikati ya nyaya, akasema tumletee chochote. Tulimletea kila kitu. Msumari, balbu ikawaka. Kijiko, ikawaka. Ufunguo wa duka la baba yake mtu, ikawaka. Rula ya plastiki, giza. Kipande cha kuni, giza. Mvulana mmoja alivua ndala yake, tukacheka, na ndala nayo ikawa giza. Mwalimu akasema viko vitu vinavyoupitisha umeme na viko vinavyouzuia, na ndiyo sababu fundi wa stima hushika koleo yenye mpini wa plastiki. Kwetu stima ilikuwa haijafika. Tuliona nguzo zake zinaishia chini kule, lakini tulielewa.

Kesho yake ilikuwa zamu ya joto. Alichukua spoku ya baiskeli, akabandika maharagwe juu yake kwa nta ya mshumaa, yamejipanga kuanzia ncha hii hadi ile, halafu akaiweka ncha moja kwenye mwali wa moto. Tukakaa tukitazama. Haragwe la karibu na moto likadondoka. Kisha la pili. Kisha la tatu, likifuata njia ya mkono wake, mpaka akaiachia spoku ikaanguka sakafuni naye akapuliza vidole. Akafanya vile vile na kijiti. Kijiti kikashika moto nchani kikaungua, na maharagwe yakabaki yamekaa.

"Joto linatembea ndani ya chuma," alisema. "Kwa mti halitembei, au linatembea polepole mno. Na haliulizi chuma kimeshikwa na nani."

Nikainua mkono. "Na mwiko, mwalimu?"

"Mwiko ni mti. Ndiyo maana mama yako anasonga ugali bila kulia." Darasa zima likacheka, nami nikacheka, kwa sababu sikujua kinachokuja.

Wanawake wa kwetu walikuwa na mwethya, kikundi cha kusaidiana. Walichimba matuta kwenye mashamba yao kwa zamu, na kwa zamu hiyo hiyo walinunuliana mabati, nyumba ya huyu ikiezekwa wanaanza kuchangia ya yule. Mabati yaliyosubiri fundi yaliwekwa kwenye ghala la Susu kwa sababu lilikuwa na mlango unaofungika, na mwenye kushika ufunguo alikuwa mama yangu. Jumapili moja tulitoka kanisani tukakuta kufuli imevunjwa, ghala tupu, na alama za gurudumu la mkokoteni zinazopotea barabarani.

Mtu mwenye akili zake angesema mwizi amekuja na mkokoteni. Wao walisema mama amevunja kufuli yake mwenyewe ili adanganye. Walisema ametoka Nairobi, na Nairobi mtu hujifunza. Kufikia Jumatano nilikuwa nikipita njiani wanawake wananyamaza. Lisemwalo lipo, waliambiana, na lisilokuwepo wakaliumba wao wenyewe.

Mwenyekiti wa mwethya alikuwa Mama Mutua, mwanamke mwenye sauti nzuri aliyeongoza nyimbo kanisani. Alikuja kwetu Alhamisi jioni, akakataa chai, na kwa mtu wa kwetu kukataa chai ni tusi. Alisema kiapo kitakuwa Jumamosi asubuhi, uani kwake.

"Moto ukikusema, Mama Mwende," akamwambia mama, "hutakaa hapa. Utarudi ulikotoka, wewe na mtoto wako. Wezi hatukai nao."

"Na usiponisema?" mama akauliza.

"Usipokusema utakunywa uji na sisi, na mambo yaishe."

Alipoondoka, mama alibaki amesimama mlangoni. Hatukuwa na mahali pa kurudi. Nairobi aliyotoka ilikuwa chumba cha nyuma kwenye nyumba ya watu. Shule ningeacha, nyumba tungeiacha, na jina la mwizi lingetutangulia kila tuendako, nami nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua mwizi hufanywa nini sokoni Tala watu wakimshika. Susu alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinua macho.

"Kama mkono wako ni safi, unaogopa nini?" akasema.

"Siogopi," mama akajibu.

Mimi niliogopa. Usingizi haukuja. Niliwaza ile spoku, maharagwe yakidondoka moja moja, vidole vya mwalimu. Niliwaza miko ya akina mama wote, ya mti, na ule upawa ukutani. Asubuhi na mapema nilimfuata Susu zizini alikokuwa akikamua, nikamwomba ampe mama mwiko wake.

"Nikimpa mwiko wangu, kiapo kinanirudia mimi," alisema. "Na wao watajua. Mwiko wangu wanaufahamu wote."

"Lakini Susu, upawa ni chuma."

Aliendelea kukamua. Nilisubiri mpaka maziwa yakajaa kikombe, hakunijibu.

Jumamosi tulishuka kwa Mama Mutua, mimi nimeubeba upawa. Susu alikuwa ametutangulia. Pale kwenye kona ya mikonge nilisimama nikasema sitatembea.

"Mama, usiushike. Utaungua."

Aligeuka. "Umesikia wapi kwamba nimeiba?"

"Najua hujaiba. Lakini utaungua. Chuma kinapitisha joto, mwalimu ametuonyesha. Hata mtakatifu akikishika ataungua."

Nilidhani atanishangaa. Hakunishangaa. Aliuchukua upawa mkononi mwangu, na nikaelewa kwamba sikumwambia jambo geni.

"Nikikataa kiapo watasema nimeiba," alisema. "Nikiazima mwiko watasema nimeiba. Tembea, mama." Aliniita mama, kama wanavyowaita watoto wa kike wanapowabembeleza, na sauti yake ilikuwa kavu.

Uani kwa Mama Mutua palikuwa pamejaa. Wanawake wa mwethya walisimama kuzunguka sufuria, wazee wa kike wakakaa pembeni kwenye vigoda, Susu akiwa miongoni mwao na fimbo yake magotini. Watoto tulisukumwa nyuma karibu na ua. Miko ikaingizwa kwenye uji, mipini ikitokeza juu ya ukingo, yote myeusi kwa moshi na mikono ya miaka, na katikati yake mmoja unang'aa. Sijui kama kuna aliyeona kichekesho hicho. Wakaimba. Mama Mutua alianzisha, na Mungu anisamehe, aliimba vizuri.

Wimbo ulikuwa mrefu. Moto ulikuwa mkali, kuni za mgunga, na miali ililamba kando za sufuria. Nilikuwa nimeukazia macho upawa ule. Joto halionekani linapopanda, lakini mimi nililiona.

Wakaanza. Mama Mutua akashika mwiko wake, akazunguka, akaapa, akanyanyua kiganja juu. Safi. Wakapiga makofi. Akafuata mwingine, na mwingine. Kwa kila kiganja kilichonyanyuliwa nilizidi kukasirika, maana walikuwa wanafurahi kweli, nyuso zinawang'aa, kana kwamba moto umewatambua mmoja mmoja kwa jina. Moto gani? Walikuwa wameshika mti.

Mama alikuwa wa mwisho. Alikunja mkono wa gauni, akatamka maneno, akashika. Alifika kama robo ya mzunguko. Niliona bega lake likiruka, akashika tena kwa nguvu, na vidole vikakataa vyenyewe. Upawa ukateleza ukarudi ndani ya uji. Hakulia. Aliutia mkono kwapani akasimama wima, akimtazama Mama Mutua.

Wanawake wakaguna kwa pamoja. Mama Mutua akafunga macho kidogo, akayafungua.

"Tumeona wenyewe," alisema. "Sina neno la kuongeza."

Neno lilikuwa kwangu. Sikumbuki nilivyopita kati ya watu wale. Nakumbuka niko mbele ya sufuria, na joto lake limenipiga usoni.

"Ni kwa sababu ya chuma," nilisema. "Ninyi mmeshika mti na yeye ameshika chuma. Chuma kinapitisha joto, mti haupitishi. Mtu yeyote akishika kile ataungua."

"Mwende, nyamaza," mama akasema nyuma yangu.

"Sinyamazi."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine, sikuona nani, akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na livunjike," nilimjibu. "Nitatembea na moja." Halafu nikamgeukia mwenyekiti. "Mama Mutua, wewe ni safi. Sote tumeona mkono wako. Shika huo upawa uzungushe."

Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia hivyo. Uso wake ulibadilika, na nilijua si jambo geni kwake, kama nilivyojua kwa mama pale njiani. Aliutazama upawa mara moja tu, akarudisha mikono yake nyuma.

"Wewe mtoto hujui mila," alisema. "Upawa si wangu. Mtu haapi kwa chombo cha mwenzake. Nikiushika, kiapo chake kinaniingia."

"Kinachokuingia ni joto."

"Mtoeni huyu mtoto hapa."

Mikono ikanishika mabega. Nilijikaza, nikapiga teke mtu, na katika zile purukushani nikasikia fimbo ikigonga ardhi. Wakaniachia. Susu alikuwa amesimama.

"Huyo mwalimu wenu," aliniuliza, "alisemaje? Sema pole pole, tusikie wote."

Nikasema. Niliwaeleza spoku, nta na maharagwe. Niliwaeleza kijiti kilichoungua nchani na yale maharagwe yakakaa. Nikasema joto haliulizi chuma kimeshikwa na nani, na hapo nikaanza kulia, kwa hasira, si kwa woga, naomba ieleweke hivyo.

Susu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatembea hadi kwenye sufuria, akauinua upawa kwa ncha ya fimbo na kuuegemeza ukingoni, mahali ulipokuwa mwanzo. Akaongeza kuni.

"Imbeni tena," alisema.

Wakatazamana.

"Wao wameimbiwa wimbo mzima. Na mimi niimbieni mzima."

"Mama," mama yangu akasema. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita kwa sauti ile. "Usifanye hivyo. Nimekuomba."

Susu hakugeuka. Mama Mutua hakuanzisha, kwa hiyo mzee mmoja wa vigodani akaanzisha, kwa sauti ya kukwaruza, na wengine wakafuata kwa shida. Waliimba ubeti baada ya ubeti. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake na nilitaka kusema basi, imetosha, nimekosea. Lakini sikuwa nimekosea. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kuwa na haki na bado akatamani asingekuwa nayo.

Wimbo ukaisha. Susu aliuweka mkono wake wa kulia juu ya mpini akafunga vidole. "Kama ni mimi," alisema, "moto uniseme." Akazungusha. Mama alifika robo. Susu aliizunguka sufuria yote, taratibu, jinsi mtu anavyokoroga uji wa mgonjwa, na jasho likamtiririka kutoka chini ya kitambaa cha kichwa mpaka kidevuni. Alipofika mwisho aliulaza upawa juu ya figa. Hakuudondosha. Akafungua kiganja, akakipitisha mbele ya kila mwanamke, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alitazama kisha akaangalia chini, kwa sababu ngozi ilikuwa imeinuka.

"Mutua nilimpokea kwa mkono huu," alisema alipofika kwa mwenyekiti. "Na wewe mwenyewe nilikupokea kwa mkono huu, mama yako akiwa hajiwezi. Sasa niambieni nimeiba nini."

Mama Mutua alianza kusema kwamba kiapo kimeingiliwa, kwamba itabidi kirudiwe siku nyingine.

"Kirudiwe," Susu akasema. "Kirudiwe sasa hivi, na upawa huu huu. Aje wa kwanza."

Walisimama. Nzi walikuwa wanatua kwenye uji uliomwagika. Halafu mwanamke mmoja akachukua mwiko wake, akaupangusa kwenye majani, akaondoka bila kuaga. Mwingine naye akakumbuka ameacha mtoto peke yake. Mmoja mmoja wakaisha, na uji ule hakuna aliyeunywa.

Hatukuombwa radhi, si siku hiyo wala nyingine. Lakini hakuna aliyetaja tena mambo ya kuhama. Mama aliendelea kuchimba matuta na wenzake, zamu yake ikafika na nyumba yetu ikaezekwa, na Mama Mutua alikuja siku hiyo akanywa chai. Mabati yaliyoibwa hayakuonekana kamwe. Kiapo cha mwiko nacho hakikuitishwa tena, ingawa hakuna aliyesimama akasema kimekwisha. Watu wa kwetu hawatangazi mambo kama hayo. Huyaacha yakaota majani.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Kwa wiki kadhaa mama na Susu walikuwa na mkono mmoja mmoja, na kazi zote za nyumba zikawa zangu: kuchota maji, kukamua, kupika. Mama aliniambia neno lililoniuma. Alisema, "Mimi ningehama. Ningehama na mkono wangu, na wake ungekuwa mzima." Nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vyembamba, nikauzungushia mpini wa upawa nikaukaza, maana mpira nao unazuia joto, kisha nikautumia kupakulia githeri mbele yake. Aliutazama, akanyoosha sahani. Sijui kama huko ndiko kusamehewa, lakini tulikula.

Kiganja cha Susu kilipona kwa kujikunja. Vidole viwili havikunyooka tena, na kazi ya ukunga aliiacha. Wengine watasema gharama ilikuwa kubwa mno, na kwamba mtoto mwenye adabu angekaa kimya. Nimewasikia wakisema. Nawajibu kwamba gharama haikuanzia kwangu. Mimi nilisema tu iko wapi.

Nilimuuliza Susu siku moja, nikiwa kidato cha pili, nimekuja likizo, tunachambua maharagwe kwenye ungo. Nilikuwa nimejifunza zaidi wakati huo, nikataka kumweleza habari za metali na jinsi joto linavyosafiri ndani yake. Akanikatiza.

"Unanifundisha chuma? Nimeanza kupika nikiwa mdogo kuliko ulivyokuwa wewe siku ile."

"Kwa hiyo ulijua utaungua."

"Nilijua."

"Na mama, alipokuwa anakwenda kuushika, ulijua?"

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akatoa lingine. Nilidhani hatanijibu, kama siku ile zizini.

"Kila mwanamke pale alijua, Mwende," alisema mwishowe. "Nani asiyeshika sufuria kwa kitambaa? Tulijua sote."

"Basi kwa nini hukusema?"

Alinitazama, na lilikuwa jambo gumu kwake, niliona, gumu kuliko ule mzunguko wa sufuria.

"Nilikuwa nangoja mtu mwingine aseme," akasema.

Nimeishi na maneno hayo miaka mingi sasa. Nilidhani Mwalimu Musyoka alinipa elimu ambayo kijiji changu hakikuwa nayo. Hapana. Kijiji kilikuwa nayo, kila jiko lilikuwa nayo, kila leso iliyokunjwa kushikia sufuria. Mama alikuwa nayo pale njiani, na bado alikwenda. Alichonipa mwalimu ni ruhusa ya kuisema kwa sauti mahali ambapo watu wazima walikuwa wamekubaliana wasijue. Ninapokuwa kwenye kikao leo, cha kanisa au cha shule au cha ukoo, na nikaona watu wanatazama miguu yao huku jambo lililo wazi linapita, hushikwa na hasira ile ile ya uani kwa Mama Mutua. Huinua mkono. Wananiita mkorofi, na mume wangu hunikanyaga kidole chini ya meza. Najua wengi mle ndani wanajua ninachotaka kusema, na najua wanangoja.